Matofali Yangu Mu Kiwanja cha Mukwe

Siku serikali yetu iliita balozi wake arudi kutoka inchi iliyotuingilia na majeshi, hakuna aliyefurahi mu Uvira kunipita minye. Nilisimama juu kwenye nyumba yangu ya étage, gorofa niliyoijenga kwa kuuza ndakala tu, samaki wadogo wa ziwa, mutu ambaye sikumaliza hata primaire, nikapaza sauti: "Hakuna kukaa meza moja na mutu anayekanyaga kwako! Atoke kwanza, ndipo tuongee!" Barabara yote ikapiga makofi. Na minye makofi ninayapenda.

Juma ile ile tukaenda kumuombea mutoto wangu wa kwanza binti wa jirani, amuoe. Kwetu, musemaji hafungui kinywa mpaka wenye binti wapokee kasiksi, pombe ya ndizi. Ikirudishwa, mumefukuzwa. Baba ya binti akaisukuma bidon, dumu letu la kasiksi, kwa mguu.

"Rudini nayo."

"Papa, kosa ni gani?" akauliza shemeji yangu, musemaji wetu.

"Muulize mwenye étage. Matofali aliyobakiza kwa kujenga yamelala mu kiwanja changu tangu mvua ya kwanza. Si alisema mwenyewe? Atoke kwanza, ndipo tuongee."

Mutoto wangu akaniangalia kama ndakala mu wavu. Shemeji akaninong'oneza: "Mwambie ni ya muda tu."

"Hata wale wenye majeshi wanasema vile vile!" nikamujibu. Neno langu ni neno, hata likinikamata mwenyewe shingo.

Nikavua koti. Tukapanga mustari, wazee na kravati zao, mashangazi na vitenge vya sherehe, tofali mukono kwa mukono mpaka kwangu. Tulicheka mpaka matofali yakatuponyoka. Jirani aliketi kwenye kiti anatuchunga: "Na kile kipande pale! Nacho ni chako!" Hakuna inchi duniani iliyotoa majeshi yake mbio namna ile.

Udongo ulipobaki mutupu, jirani akaonja kasiksi, akajifanya hajawahi kutuona. "Karibuni wageni. Muna shida gani?"

Musemaji wetu akafungua kinywa, ikatoka vumbi na kikohozi. Akajaribu tena. Kikohozi.

"Basi," jirani akasema, "nimuulize binti yangu kama hawa watu..."

"Ninataka, papa!" ikalia sauti nyuma ya rido, pazia la mulango, mbele ya swali kuisha.

Mashangazi wakapiga vigelegele na mikono yao myekundu kwa vumbi la matofali, na minye nikapiga kuwapita wote.