Tusi Nililolificha Ndani ya #if 0

Wasomaji wenzangu, mimi mzee ninayewakanya watu wa mtaa wetu wa Wabera wasisengenye, nimesengenya. Tena kwa maandishi, ndani ya kompyuta!

Nilistaafu ufundi wa pampu, na kwa neema ya Mungu nikajifunza uzeeni kuandika programu kwa lugha ya C. Kamati ya kisima kule Sericho ikaniomba niandike ya kuongoza pampu yao. Mwenyekiti, Mama Talaso, alishikilia neno moja: ukame ukizidi, birika la ndama lijae kwanza.

Niliona ni usumbufu. Nikamwambia, "Imeingia, mama." Uongo! Sehemu hiyo niliizungushia #if 0 juu na #endif chini, alama za kuiamuru kompaila, ile programu inayoyatafsiri maandishi yangu kwa lugha ya mashine, iruke kila kilicho katikati. Na humo katikati, kwa kiburi, nikaandika: Hii ni akili ya ng'ombe.

Nilijiambia, kinachorukwa hakisomwi. Fatwa yangu mwenyewe hiyo!

Siku ya kuifunga programu kwenye pampu nilifungua laptopu mbele ya kamati nzima. Bismillahi, nikabonyeza. Kompaila ikatoa onyo: kuna alama imefunguliwa, haikufungwa. Ikauonyesha na mstari wenyewe, tusi zima!

Kumbe ili ijue #endif iko wapi, lazima ipitie hata maneno inayoyaruka. Haiyatekelezi, lakini inayatazama. Ilipofika kwenye ile alama ndogo iliyo ndani ya neno ng'ombe, ikadhani nimefungua nukuu, ikapiga kelele.

"Ustadh, hii ng'ombe ni ya nani?" Mama Talaso akauliza.

"Ni onyo tu, mama. Programu inafanya kazi."

"Na ndama zangu ziko wapi hapo?"

Nikaonyesha kwa kidole ile #if 0: zilikuwa humo, zimerukwa. Mzee mmoja wa kamati akaangua kicheko. "Si ungeandika punda! Punda haina hiyo alama."

Mama Talaso hakucheka. "Ng'ombe hajawahi kuniambia amekunywa na hajakunywa."

Wallahi, afadhali angenichapa!

Nilifuta tusi na zile alama palepale, jasho likinitoka, ndama wakapata haki yao. Lakini siku ya kufungua kisima, dua niliyokuwa nimeombwa kuiongoza ilipewa mwingine. Mimi niliitikia amina kutoka nyuma, kwenye mitungi ya maji.

Enyi wenzangu wenye ndevu nyeupe na ndimi tamu, msidanganyike kwamba kuna pembe isiyosomwa. Anayeruka dimbwi amelitazama kwanza. Nami nashukuru: nimesomwa na mashine, hapa hapa duniani, mlango wa toba ukiwa bado wazi.