Winga Aliyekuja Kutangaza Mpira

Jumanne alfajiri mke wangu alikata roho, na kabla ya saa tatu nilikuwa kwenye redio moja hapa Usagara, nimepeleka tangazo la msiba.

Nilimkuta yule winga wetu anayejulikana mji mzima. Anafikiria kustaafu mpira awe mtangazaji, na asubuhi hiyo alikuja kujaribiwa sauti. Mama mmoja, mkuu wa vipindi, akampa karatasi yangu aisome.

Aliisoma mbiombio. "Habari ziwafikie ndugu wa Muheza, Ushongo, Pangani..."

"Taratibu, mwanangu," mama akamkatiza. "Hao ni wafiwa. Huwapigii krosi."

Kijana akanigeukia. "Shikamoo, mzee. Unisamehe."

"Marahaba. Soma tu."

Akasoma tena polepole, hadi jina la mke wangu.

"Kazi umepata," mama akasema. "Utasoma vifo."

"Mimi nimekuja kutangaza mpira, mama."

"Mpira una watu wake. Hapa palipo wazi ni kwenye vifo."

Akapapasa goti lake lenye bandeji. "Basi bora nirudi uwanjani." Akachechemea hadi mlangoni, akasimama kitambo, kisha akarudi kuketi mbele ya kipaza sauti.

Tunadhani nyota akichoka huchagua pa kwenda. Huyu alichagua kati ya goti bovu na misiba ya watu.

Ee Mola, mpokee mke wangu, uliangazie kaburi lake, na umkutanishe na wema waliomtangulia. Amina.