Godoro la Mwende limeondoka leo

Leo nimelia kwa sababu ya godoro, tena si langu.

Mwende, mwenzangu wa chumba hapa Al Twar, Dubai, alirudi Kenya mwezi jana, moja kwa moja, harudi tena. Godoro lake likabaki, limebonyea katikati.

Msimamizi wa nyumba akasema, "Toa hiyo, khalas," yaani basi, imekwisha.

Wenye pikapu walitaka hela nyingi kulibeba, basi nikaandika kwenye grupu la WhatsApp: godoro la bure, njoo ubebe.

Asubuhi akaja Mganda mmoja, mlinzi, na kamba yake. Ati tangu afike Dubai analala sakafuni.

Tukalikunja, tukalifunga, tukalishusha ngazi sote wawili. Mimi nafurahi, chumba kitapumua!

Pale chini akajitwika, halafu akageuka.

"Dada, wewe umekula?"

Jamani. Tangu Mwende aondoke, hakuna mtu ameniuliza hivyo. Kazini ni "yes madam" kutwa nzima.

Nikamjibu, "Nimekula, asante."

Uongo mtupu. Akashukuru, akaenda zake.

Sasa nimekaa na sufuria ya ugali, chumba kimya, najiuliza kwa nini sikusema "bado".

Nyinyi mngemjibu vipi?