Watamfunika Binti Yangu Juu ya Chetezo

“Anayekimbia moshi wa ubani ana shetani.” Maneno hayo aliyasema wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, hapa Kasongo, mbele ya mkeka uliojaa wanawake, na wote wakatikisa vichwa kukubali. Nikamjibu: nyuki nao hukimbia moshi. Basi asali yote inayotoka Kabambare ni ya mashetani? Na wewe, wifi, mbona unaila? Wawili wakachekea ndani ya vitenge vyao. Wifi hakucheka. Tangu siku hiyo hanisalimii.

Admin, ficha jina langu. Nina miaka arobaini na saba, ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Wamaza, nimeolewa katika familia ya zamani ya Kiislamu ya mji huu. Nina pumu, na binti yangu wa kwanza anayo tangu alipokuwa ananyonya. Watu wakichoma mashamba wakati wa ukavu, sisi tunafunga madirisha na kuvumilia joto. Mimi nafuta ubao kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi la chaki linanikaba. Yeye haonji sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa karanga; midomo inavimba. Akipanda pikipiki anajifunga kitambaa puani, na pompe yake ya kuvuta dawa haitoki kwenye mkoba. Hayo yote tumeyazoea. Ila ubani ni jambo jingine, kwa sababu ubani una mawakili.

Maulidi iliyopita ilisomwa nyumbani kwa wifi. Chumba cha wanawake kilifungwa milango ili harufu isitoke. Mimi nilikuwa uani na wapishi. Nikasikia: “Mushike! Mushike mikono! Kile kitu iko inatoka!” Nilipoingia, binti yangu alikuwa chini, mdomo wazi, anavuta hewa isiyoingia. Wanawake wamemkandamiza, na wifi anamsogezea chetezo puani. Mkoba wake walikuwa wameuweka juu ya kabati.

“Leta ule mukoba!” nikapiga kelele.

“Tulia, Mama Mwalimu,” wifi akasema. “Shetani haipendi ubani, ndiyo maana inarusha miguu.”

“Haiko shetani! Mutoto anakosa pumzi!”

“Wewe ubani umekutana nao ukubwani. Kule Wamaza munajua nini?”

Nilikipiga teke chetezo. Makaa yakaunguza mkeka. Nikauchukua mkoba mwenyewe, nikamvuta binti hadi nje, akavuta dawa, rangi ikamrudia polepole. Mnajua habari iliyoenea mjini? Haikuwa kwamba mtoto nusura afe. Ilikuwa kwamba mwalimu amepiga ubani teke.

Sasa binti huyo amechumbiwa na kijana wa Salamabila, mfanyabiashara, mtu wa adabu. Ninampenda kijana huyo. Wazee wake walipokuja kuuliza kama msichana ni mzima, wifi alijibu kabla mume wangu hajafungua mdomo: “Mutoto wetu hana kitu. Hajalalaka lopitali hata siku moja.” Uongo mtupu. Mimi ndiye niliyekaa naye huko hospitali, nikimpepea.

Katika familia hii, siku ya ndoa bibi harusi hukalishwa kwenye kiti kifupi, anafunikwa vitenge kuanzia kichwani, chetezo kinawekwa chini ya kiti, na shangazi zake wanaimba mpaka nguo na nywele zishike harufu. Mkubwa wa shangazi hao ni wifi yangu. Ameshatoa amri: “Bila fukizo hatoki kwa baba yake. Na ile pompe ibaki hapa. Inazoesha mutu, kisha inamuua. Wakwe wakiiona watamurudisha.”

Uongo wa pili. Pompe haikumletea mtu pumu. Pumu ndiyo iliyomletea mtu pompe. Kinachoua ni kuinyima mkono unaoitafuta. Nilikwenda hata kwa shehe. Akasema ubani ni harufu nzuri tu, ndoa inafungwa bila huo. Nikamletea mume wangu jibu hilo. Akainamisha kichwa: “Mama watoto, yule ni mukubwa wangu. Ndiye aliyenilea. Moshi ni wa muda kidogo tu.” Muda kidogo! Avute yeye kwanza, chini ya vitenge, na mlango umefungwa.

Hao wote ninaweza kubishana nao. Aliyenishinda ni binti mwenyewe. Alinishika mikono akaniambia: “Mama, usiseme kitu kwa wakwe. Nitabana pumzi. Ukiniharibia hii ndoa, sitakusamehe.” Mtoto ambaye hawezi kucheka sana bila kukohoa, atabana pumzi! Na baada ya fukizo ni barabara ya Salamabila, vumbi njia nzima nyuma ya pikipiki, pompe imeachwa Kasongo. Lakini alikuwa analia, nami nikaahidi.

Ndoa ni Ijumaa. Nikivunja ahadi, namkosa binti yangu akiwa hai. Nikiitunza, ninaweza kumkosa kabisa. Nishaurini, ila msiniambie nisali, ninasali. Niambieni mngefanya nini kama angekuwa wenu.

Nimeahidi kutosema na wakwe wa binti yangu, na hapa sijamtaja mtu. Lakini wewe, kijana wa Salamabila unayekuja kuoa Kasongo, na wenzako wote mnaokuja kuoa kwetu, nawadai jambo moja. Kabla ya Ijumaa, muulize mchumba wako mwenyewe, shangazi yake akiwa mbali: “Unaumwa nini, na dawa yako iko wapi?” Akiitoa pompe mkobani, usirudi nyuma. Ichukue, simama nayo mlangoni pa chumba wanapoimba, na uwaambie watoe chetezo nje. Mimi wananiita mwenye shetani. Wewe watakusikiliza.