Madam Anasifiwa kwa Maharagwe Yangu, na Sasa Hataki Nirudi Nyumbani

Admin, nifichie jina, lakini kisa kiache kama kilivyo. Mimi ni mama wa miaka ishirini na nne, kwetu ni upande wa Kilifi, na shule niliishia darasa la nane. Nafanya kazi ya nyumbani hapa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra. Binti yangu nilimwacha kwa mamangu bado anajifunza kuvaa viatu. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na nimemwahidi kwa simu kwamba siku yake ya kwanza ya shule nitamshika mkono mimi mwenyewe.

Huku madam hunipa maharagwe makavu nijipikie, wao wakila nyama. Mimi huyapika kama kwetu, kwa tui la nazi la kopo ninalojinunulia. Alikuwa akipita jikoni anaziba pua, anasema hicho ni chakula cha masikini. Sasa Ramadhani iliyopita mama mkwe wake, tunamwita Hajja, alikuja kutoka Riyadh. Jioni baada ya kufuturu akaingia jikoni, akaonja sufuria yangu, akauliza nani kapika. Madam akajibu haraka, "Mimi." Nikaendelea kuosha vyombo. Tangu siku hiyo Hajja akitaka maharagwe, mimi napika, madam anasifiwa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Riyadh kwa Hajja. Baba, ndiye bosi wangu, akatupeleka sote kwenye hoteli ya zamani kando ya maji ya bonde la Wadi Hanifa, wanapika chakula cha Kimeksiko cha kule Texas. Baba alikuwa akiletwa hapo na marehemu babake, hata picha yao ipo ukutani, yeye mdogo amevaa kofia kubwa. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto wao wa miaka mitatu, nimesimama nyuma ya kiti cha madam. Mhudumu akanivutia kiti. Madam akamwambia, "Acha, huyu ameshakula." Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Chakula kilipokuja nikakitazama, nikataka kucheka. Chapati. Maharagwe yaliyopondwa. Kachumbari. Nyama tu ndiyo ilikuja inafuka moshi kwenye chuma. Chakula kile kile cha masikini, hapa kimewekewa limau na wote wanapigania sahani.

Hajja akaonja maharagwe, akayasukuma. "Ya mke wa mwanangu yanayashinda haya. Ijumaa nakuja Jeddah na dada zangu wote, utupikie." Madam akatabasamu, akasema karibuni sana. Baba akauliza, "Na msichana akiondoka, utasaidiwa na nani?" Madam akajibu bila kupepesa macho, "Haondoki. Ameniomba mwenyewe aongezewe miaka miwili. Kwao hana mtu." Baba akasema basi, Jumapili baada ya wageni hao atashughulikia ikama yangu mpya, kile kibali cha kukaa huku. Walidhani sielewi. Kiarabu nimefundishwa na huyo huyo mtoto wao, katuni kwa katuni.

Nilimfuata madam kwenye sinki, nikijifanya namwosha mtoto mikono. "Madam, mimi sikusema hivyo. Nina mtoto ananingoja." Alikuwa anajipaka rangi ya midomo, hata hakugeuka. "Mtoto wako hakujui tena. Huyu ndiye anayekujua. Halas, yamekwisha."

Ndugu zangu, njaa ningesamehe. Neno hilo sisamehe. Tangu siku hiyo nikimwona anacheka naona kama anamcheka binti yangu.

Leo ni Alhamisi. Wageni wanafika kesho baada ya swala ya Ijumaa. Rafiki yangu wa mtaa wa Al-Baghdadiyah kanitumia sauti: "Shoga, mwaga chumvi pakiti nzima, wanywe maji mpaka Jumapili." Nilicheka, lakini hayo siwezi, maharagwe hayajanikosea. Nimefikiria pia kulala niseme naumwa. Madam hajui hata kama huwa yanalowekwa.

Ninachokitaka hasa ni hiki. Niyapike vizuri kuliko siku zote. Niyalete mbele ya Hajja na dada zake wote, nisubiri wayasifu, kisha niseme kwa Kiarabu changu, "Madam, mwambie Hajja umetia nini humo." Halafu nisimame pale nimtazame uso. Akikwama, nimwambie Hajja kwamba mimi ndiye mpishi, na kwamba sikumwomba mtu miaka miwili. Baba hampingi mamake, nimeshaona. Hajja akisema niende, nitaenda.

Lakini baba akiona nimemwaibisha mkewe, anaweza kunirudisha kwa maajenti wanipeleke nyumba nyingine, na shule inafunguliwa bila mimi. Na huyu mtoto wao, ambaye hana kosa, hulala akinishika sikio.

Maharagwe nimeshayaloweka, yameanza kufura. Makopo ya tui nimeyaficha chini ya kitanda changu. Wenzangu mlio mbali na mlio huku, nishaurini kabla sijawasha jiko kesho: nipike ninyamaze, au nipike niseme?