Moshi Hauingizi Nyuki

Mama alinipigia simu nikiwa sokoni Tabora, nabishana na mteja aliyetaka asali kwa bei ya maji. Alitaka nifunge biashara, nipande gari niende nyumbani Ipole kumshawishi baba abatizwe. Kifua kilikuwa kimembana baba tangu mvua ziishe, na mama, muumini wa kanisa la Moravian tangu usichana, hakuwa akilala kwa kuwaza kwamba watatenganishwa milele.

"Wachuuzi wa Nzega unawaweza," alisema. "Baba yako atakushinda nini?"

Juu ya bodaboda, kipande cha mwisho cha safari, nilipanga hoja zangu, nikazihesabu, nikazihesabu tena. Ya mwisho ilikuwa moto wa jehanamu. Hiyo niliiweka akiba, kama muuzaji anavyoficha bei yake ya mwisho.

Nilimkuta baba uani akipaka nta ndani ya mzinga wa gome. Shikamoo, marahaba, habari za mjini. Nikaanzia mbali. Alinisikiliza kwa adabu zote, kama mteja asiyenunua. Nilipomwambia wokovu ni bure, akauliza tangu lini mimi nikauza kitu cha bure. Nilipomwambia Mungu anajua tangu mwanzo nani ataokoka, akauliza, kama ameshajua, mimi nimepoteza nauli ya nini.

Basi nikautoa moto. Nikaeleza hukumu, kilio, na mlango ambao ukishafungwa haufunguliwi. Baba akaweka nta chini.

"Mwanangu, moshi unatoa nyuki mzingani," alisema. "Nimerina asali maisha yangu yote, sijaona moshi ulioingiza hata mmoja."

Sikuwa na bei ya chini ya hapo.

Nyuma ya mlango wa nyumba yetu kuna msumari. Tangu nikiwa mtoto, kila Jumamosi mama hupiga pasi shati jeupe la baba na kulitundika hapo, bila kusema neno. Jumapili huenda kanisani peke yake, na akirudi hulikuta palepale. Siku zote niliona ni kuharibu mkaa.

Alasiri ile baba aliniomba nimsindikize kuutazama mzinga mmoja uliotundikwa mtini mwisho wa shamba, uliokuwa mtupu kwa misimu miwili. Hatukuufikia. Aliinua mkono, tukasimama. Nilidhani nasikia pikipiki kwa mbali, kisha pikipiki ikaja juu ya vichwa vyetu, na mwanga wa jua ukabadilika. Tukakaa chini. Baba akavua kofia.

Kundi la nyuki liliuzunguka ule mti, likaondoka, likarudi. Mizinga mingine ilikuwepo. Miti yenye matundu ilikuwepo, msitu mzima ulikuwa wazi. Wachache wakatua mdomoni mwa mzinga, wakaingia, wakatoka. Halafu lile wingu lote likaanza kumiminika ndani ya tundu lisilozidi kidole gumba, na hakuna aliyewasukuma. Mimi nihesabuye kila kitu mara mbili sikuhesabu hata mara moja. Vinyweleo vilinisimama. Nilimwaza Yule aliyeumba nyuki wale na msitu ule, ambaye angeweza kutuzoa sote kwa kiganja kimoja na kututia ndani, naye ametundika mzinga, ameacha tundu, anangoja. Nguvu ya namna hiyo sijaiona sokoni. Niliogopa, lakini si kwa ule woga niliokuja nao kutoka Tabora.

"Hawaji ukiwasimamia mlangoni," baba alinong'ona.

Nilimwambia mama kwamba nimeshindwa. Hakunilaumu. Jumamosi alipiga pasi, akatundika.

Jumapili asubuhi msumari ulikuwa mtupu. Baba alikuwa uani ndani ya shati jeupe, vifungo vimepishana, kola imeelekea upande. Nilifungua kinywa, mama akanifinya mkono, nikakifunga. Baba akatangulia njiani, akipumzika kila alipoishiwa pumzi, na sisi nyuma yake tukijifanya tunatembea polepole kwa kupenda. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu kabisa na mlango.

Na katika Jumapili zote za mwaka, mchungaji aliichagua hiyo kuhubiri moto. Alianza kwa sauti ya chini, akapanda, akapanda tena. Mama aliinamisha kichwa. Mimi niligeuka, nikamtazama baba, nikautazama mlango uliokuwa wazi, nikamtazama tena baba. Alikohoa. Akavua kofia aliyokuwa ameisahau kichwani, akaiweka magotini.

Hakutoka.