Jina la Mzee

Mpaka leo nikiona alama ya waifai kwenye kona ya kompyuta, damu inanichemka. Wenzangu ninaofanya nao kazi wanadhani ni mtandao unaonisumbua. Mtandao hauna kosa lolote. Mwenye kosa ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na ninaandika haya bila kumwomba radhi, kwa sababu na yeye hajaniomba.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi Matongo, na nilikuwa naishi Kewanja, kwenye boma la wakwe zangu. Mbele ya boma, kando ya barabara, shemeji alikuwa amejenga gesti. Nilikuwa nimeomba kazi ya ukufunzi katika chuo cha ualimu cha watu binafsi kule Musoma, na nilikuwa nimeitaka kazi ile kwa muda mrefu. Nilisoma shahada yangu kwa kujibanabana, likizo hadi likizo, nikitoka shambani naingia kwenye vitabu. Chuo kikanijibu: usaili ungefanyika kwa video, siku ya Alhamisi, saa nane mchana, na asiyeonekana atahesabiwa kuwa amejitoa. Niliisoma sentensi hiyo ya mwisho hadi nikaikariri.

Pale nyumbani habari ile haikuwafurahisha wote. Mume wangu, ambaye anafanya kazi chini mgodini, alisema, "Tutaona." Shemeji hakutaka kuona chochote. Aliuliza swali moja tu, tena mbele ya watu: "Na mzee atapikiwa na nani?" Mke wake yupo, mikono anayo miwili, jiko analijua. Lakini ugali wa mzee ulikuwa wangu tangu nilipoolewa, na mambo yakishazoeleka kwenye boma yanageuka sheria.

Sheria zenyewe ni nyingi. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkamwana hagusi kiti cha baba mkwe. Chakula ninakiweka kwenye kigoda, nasimama pembeni, nasema shikamoo, naondoka. Sijawahi kumpa mzee kitu mkono kwa mkono. Na jina lake silitaji, wala mke mwingine yeyote wa boma lile halitaji. Shuleni nilikuwa na mwanafunzi mwenye jina hilohilo. Nikampa umonita ili nipate cha kumwita, na mtoto wa watu akatumikia umonita mwaka mzima na hata kuandika majina ya wapiga kelele hajui.

Sikuwa nikilalamika. Niliona ni heshima, na heshima haina uzito ukiwa umeizoea. Jina langu mwenyewe pia lilikuwa halisikiki pale. Niliingia nikiwa bi harusi, nikawa mama wa mtoto wangu wa kwanza, na wenye haraka waliniita mwalimu. Hilo nalo nililizoea.

Shemeji aliniahidi mtandao. Ninalisema hili kwa sababu baadaye alilikana. Jumatatu ile nilimkuta getini nikamwambia kwamba data za simu hapa kwetu, huku nyuma ya vilima vya mawe ya mgodi, zinakatika video haijamaliza hata salamu. Akasema, "Shemeji, gesti si ni ya nyumbani? Njoo ukae chumba cha kulia, utumie mpaka uchoke."

Alhamisi nikaazima kompyuta ya shule, nikaifunga kwa kitenge, nikapanda bodaboda kutoka Matongo nimeikumbatia kifuani njia nzima. Nilivaa blauzi nyeupe iliyonyooshwa. Nikakaa chumba cha kulia cha gesti, karibu na dirisha. Dirisha lile linatazama barazani, na barazani ndiko kilikokuwa kiti cha mzee. Alikuwa amekaa, kofia usoni, amesinzia, au ndivyo tulivyodhani.

Nikafungua kompyuta. Mtandao wa gesti ukatokea na kikufuli chake. Nikaandika nenosiri tulilolizoea. Likakataliwa. Nikaandika tena polepole. Likakataliwa tena.

Mke wa shemeji alikuwa kaunta. Nikamuuliza kulikoni.

"Amebadilisha asubuhi kabla ya kwenda Sirari," akasema. "Anasema vijana wa boda wanakaa ukutani wanamaliza intaneti."

"Ameweka nini?"

Akatazama sakafu. Akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

"Dada, ameweka nini?"

"Ameweka jina la mzee," akasema kwa sauti ndogo.

Nilicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, hata yeye akainua kichwa. Katika gesti nzima tulikuwa wawili tu. Wageni walikuwa wametoka tangu asubuhi kwenda kwenye dhahabu. Tulikuwa wakamwana wawili, nenosiri mbele yetu tunalijua, na hakuna kati yetu anayeruhusiwa kulitoa mdomoni. Ukitaka kuwafungia wanawake wa boma lile mtandao na bado uitwe mtoto mwenye adabu, hutapata kufuli bora kuliko hilo.

Nikajaribu data za simu. Picha yangu mwenyewe iliganda mdomo wazi. Nikampigia mume wangu ingawa nilijua yuko zamu ya mchana na simu hazishuki nao chini. Haikupatikana. Saa nane ilikuwa inakuja na mimi nilikuwa nabishana na nafsi yangu kama kuandika ni kutaja.

Nikaamua kwamba kuandika si kutaja. Nikamgeuzia mgongo mke wa shemeji, nikaligusa jina la mzee herufi kwa herufi. Na hapa naipongeza ile kompyuta, maana ilikuwa na adabu kuliko shemeji yangu. Kila herufi niliyoigusa iliifunika kwa nukta nyeusi. Jina likaingia pale limefunikwa gubigubi, hata mimi niliyeliandika sikuliona. Nikabonyeza.

Nenosiri si sahihi.

Nilihisi aibu kama mtu aliyevunja mwiko kwa ajili ya kitu ambacho hakukipata. Mzee ana majina matatu. Kuna la nyumbani, ambalo ndilo niliandika, na ndilo la monita wangu. Kuna la rika lake. Na kuna la ubatizo, ambalo nililisikia mara moja tu siku ya ndoa yetu, padri akalisoma harakaharaka, nami nilikuwa nalia siku hiyo. Nikaandika la rika. Likakataliwa. La ubatizo sikulikumbuka hata kidogo, na mke wa shemeji naye hakulijua.

Nikampigia shemeji. Yeye ni wakala wa forodha pale Sirari, mpakani na Kenya, na nyuma ya sauti yake nilisikia injini za malori na watu wakicheka. Nikaweka simu sauti ya juu, nikailaza mezani ili mikono yangu ibaki kwenye kompyuta.

"Shemeji, usaili wangu unaanza sasa hivi. Nenosiri ni lipi?"

"Mke wangu hajakwambia? Jina la mzee."

"Jina lipi? Ana matatu."

"La mzee tu."

"Basi litaje."

"Eh, shemeji! Nitaje jina la baba yangu hapa ofisini, mbele za watu? Kwani mimi sina adabu?"

Ninaomba msomaji asimame hapa kidogo alitazame jibu hilo. Mtu amechukua jina la baba yake, amelitundika mlangoni ili kila dereva na kila mchimba dhahabu akilala gesti alipapase kwa vidole, halafu akiambiwa alitaje anashikwa na adabu. Nilimwambia anitumie kwa meseji. Akasema sawa, akakata.

Nikasubiri meseji. Haikuja. Saa nane ikagonga kwenye kona ya kompyuta, ikapita. Kule Musoma watu walikuwa wamekaa mezani wakisubiri uso wangu. Nikampigia tena.

"Nina mzigo unavuka, shemeji, subiri kidogo."

"Sina kidogo! Ni la ubatizo?"

"Wewe taja unayoyajua, mimi nitakwambia ni lipi."

Nyuma yake sauti ya mwanamume wa upande wa pili wa mpaka ikaingilia, ya mtu anayeburudika: "Huyo ni bibi ya braza yako? Wacha aseme tu, hakuna noma!" Wakacheka wote. Na shemeji akacheka. Alikuwa anacheka kwa raha kabisa, akijua mimi niko wapi, nimevaa nini, na nasubiriwa na nani.

Wanasema hasira hasara. Waliosema hivyo hawakuwahi kuwa wakamwana. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, na nikalitaja. Nililitaja jina la nyumbani la baba mkwe wangu kwa sauti ya mwalimu anayefundisha darasa lililofurika hadi mlangoni. Nikaona bado halijanitosha, nikalitaja mara ya pili.

Mke wa shemeji akaziba masikio, akainama nyuma ya kaunta. Kicheko cha Sirari kikakatika.

Na kutoka barazani, ng'ambo ya dirisha, mzee akaitika.

"Naam!"

Yule mzee aliitika kama mtu yeyote anavyoitika akiitwa. Kofia ilikuwa imetoka usoni. Macho yalikuwa makavu kabisa, hayakuwa ya mtu aliyelala.

"Nani ananiita?" akauliza, akitazama ukuta, maana hata katika balaa ile hakunitazama.

Simu ikajibu kwa niaba yangu, kwa sauti ya shemeji. "Mzee?" ikasema. "Mzee uko hapo?"

"Leteni hiyo simu," mzee akasema.

Sikuweza kumpa mkononi. Nikaiweka kwenye kizingiti cha dirisha kama nilivyokuwa nikiweka ugali wake, nikarudi nyuma hatua zangu za kawaida. Akajikongoja, akaichukua, akaishika mbele ya mdomo.

"Mura, mwanangu, jina langu umelifanya kufuli?"

"Hapana, mzee, ni hao vijana wa boda, walikuwa…"

"Nimesikia yote. Nilikuwa hapa. Umefunga kwa jina lipi?"

"La… lile la kanisani."

"Taja."

"Mzee, niko na watu."

"Taja!"

Akalitaja. Alilitaja kwa sauti nyembamba, mbele ya malori na marafiki zake, jina la baba yake lote. Nami nilikuwa nimeshakaa, vidole tayari. Nukta zikajipanga. Kikufuli kikazunguka, kikafunguka.

Mzee hakuwa mwema katika jambo hili, nisije nikamvika sifa. Alirudisha simu kizingitini na kuuambia ukuta, "Na huyo aliyeniita, mume wake akirudi tutakaa." Kweli tulikaa. Niliambiwa nitoe mbuzi. Nikasema mbuzi atolewe na aliyefunga mtandao, na ubishi huo haujaisha mpaka leo, kila Krismasi unafufuliwa pamoja na nyama. Kazi ya Musoma niliipata. Nilihama na watoto wangu, na ugali wa mzee ukapikwa na mikono ambayo siku zote ilikuwepo.

Lakini ninapoikumbuka Alhamisi ile, kinachonirudia sana si shemeji, ingawa bado nina hasira naye. Ni kilichofuata mara tu mtandao uliposhika. Uso wa mama mmoja mwenye miwani ukajaa kwenye kioo, na nyuma yake wanaume wawili wakipekua makaratasi.

"Mwalimu, umechelewa," akasema. "Tulikuwa tunakaribia kukuruka. Hebu tuhakikishe tunakusikia. Taja jina lako kamili."

Hasira ilikuwa bado haijashuka, wala sauti. Nikalitaja jina langu, lile nililopewa na mama yangu, la baba yangu, na la babu yangu, moja baada ya jingine, hadi yule mama akasogeza kichwa nyuma.

Nje barazani mzee alikuwa ndiyo kwanza anaketi. Nilikuwa nimempikia miaka kumi na miwili. Nikamsikia akimuuliza mke wa shemeji kupitia dirisha, "Huyo aliyetajwa sasa ni nani?"